Fundo la Mbuzi si Fundo la Mashua

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyosemwa na mvuvi mmoja wa upande wa Mbeere, katika Embu, mbele ya wavuvi, wakulima na vijana waliokutana karibu na bwawa la Masinga. Tumeyapiga chapa ili yawafae na wale ambao hawakuwapo.)



Nimeombwa niseme nanyi leo juu ya jambo ambalo wengi wenu mtalidhania kuwa dogo, yaani jinsi ya kufunga mashua ukingoni ili isichukuliwe na maji. Jamaa zangu wa kule juu, kwenye mashamba ya kahawa na chai, waliposikia habari hii walicheka sana. Wakaniuliza, "Sisi watu wa Meru na Embu tuna haja gani na mafundo ya mashua? Bahari iko Mombasa, na ziwa liko Kisumu." Swali lao ni la haki, nami nitaanza kwa kulijibu.

Kwanza, nawakumbusha ndugu zetu Wameru masimulizi ya wazee wao wenyewe. Wazee husimulia kwamba zamani sana watu wao walikaa katika kisiwa kiitwacho Mbwaa, wakitumikishwa na watu waliowaita Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Na kwamba waliponea kwa kuvuka maji usiku, ndipo wakaanza safari ndefu iliyowafikisha kwenye Mlima Kenya. Wataalamu wengine wamekitafuta kisiwa hicho upande wa Lamu, karibu na Manda. Sisemi kwamba jambo hili limekatwa shauri. Nasema tu kwamba watu wanaowasimulia wajukuu wao habari ya maji si wageni kabisa wa maji.

Pili, hata kama sisi hatukuyafuata maji, maji yametufuata sisi. Fikirini mto wetu wa Tana. Bwawa la Kindaruma lilimalizika mwaka 1968, la Kamburu mwaka 1974, la Gitaru mwaka 1978, la Masinga mwaka 1981, na la Kiambere mwaka 1988. Hayo ni mabwawa matano katika miaka 20. Mahali ambapo babu zetu walichunga mbuzi kati ya miiba, leo pana maji mapana. Masinga peke yake, likijaa, hufunika nchi ya kilometa 120 za mraba hivi. Umeme uliotokana na mabwawa hayo umekwenda mbali, lakini samaki wako hapa hapa: perege, kambare, mkunga na wengineo. Basi mchungaji wa jana amekuwa mvuvi wa leo. Amenunua mashua, amenunua nyavu; lakini mafundo yake bado ni yale yale ya kufungia mbuzi. Hapo ndipo hatari ilipo, na hatari hiyo naijua kwa sababu ilinipata mimi mwenyewe.

MASHUA ILIYOJIFUNGUA

Mimi nilizaliwa juu, si huku chini. Shamba la baba yangu lilikuwa dogo, nasi ndugu tulikuwa wengi, kwa hiyo nikateremka kutafuta riziki majini. Nilifanya kazi ya kukodiwa katika mashua za watu kwa miaka miwili, nikiweka akiba kidogo kidogo, hata nikaweza kununua mashua yangu ya mbao, nzee, yenye viraka, lakini yangu. Nilinunua na kamba mpya ya nailoni, nyeupe, laini, nikaona fahari sana.

Jioni moja katika mwezi wa Aprili, wakati wa masika, niliivuta mashua yangu ukingoni, nikapigilia kigingi, nikafunga fundo lile lile alilonifundisha baba kwa kufungia mbuzi, kisha nikalikaza kwa nguvu zangu zote. Ndani ya mashua niliacha nyavu zangu zote. Usiku ukavuma upepo. Asubuhi nilipofika nilikuta kigingi kimesimama pale pale, imara kama nilivyokiacha, lakini mashua haipo wala kamba haipo.

Nilipiga kelele kwamba nimeibiwa. Watu wakakusanyika. Kijana mmoja mwenye macho makali akaiona mashua mbali majini, ikienda polepole kuelekea ng'ambo ya Ukambani. Papo hapo nikavua shati niogelee kuifuata. Nilikuwa kijana, na akili yangu yote ilikuwa katika mashua ile, kwani ilikuwa miaka miwili ya jasho langu. Mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi aliyetoka upande wa Ziwa Victoria, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikudhani anayo.

Akaniambia, "Mwanangu, mashua ni mbao. Mbao zinapatikana. Unajua ni nani anayelala katika matete yale?"

Nilijua. Wote tunajua. Mamba wako, na viboko wako. Nikavaa shati langu.

Baada ya saa nyingi mashua ya jirani ilipatikana, tukaifuata yangu, tukaikuta imekwama kwenye miti iliyozama, imepasuka ubavu mmoja, na nyavu nusu zimekwisha kupotea. Yule mzee alikuja, akaichukua kamba yangu ikiwa bado imefungwa kwenye mashua, akautazama mwisho wake. Kisha akanionyesha. Mwisho ule ulikuwa mzima, mweupe, safi, bila kukatwa wala kuchanika.

"Tazama," akasema, "hapana mwizi hapa. Kamba haikukatwa wala kigingi hakikung'oka. Fundo lako limejifungua lenyewe. Ulilikaza sana, lakini kukaza si kufunga."

Maneno hayo sikuyasahau mpaka leo, nami nimekuja hapa ili niwape ninyi bila ya kuwalipisha nyavu wala mashua.

MASWALI MATATU

Mzee yule alinifundisha kwamba mtu asiguse kamba kabla ya kujiuliza maswali matatu. La kwanza: kitu hiki kitavutwa upande gani? La pili: kitatikisika namna gani? Na la tatu: ni nani atakayelifungua fundo hili, na wakati gani?

Mbuzi akifungwa, huvuta kamba mpaka mwisho wake, akaona haendi mbele, akarudi kula majani. Tena asubuhi ni wewe utakayemfungua, mchana kweupe, bila haraka. Lakini mashua haitulii hata dakika moja. Wimbi likija huivuta kamba. Wimbi likirudi kamba hulegea. Na hivyo usiku kucha, mara maelfu. Kila kamba inapolegea, fundo baya hupumua kidogo, na ncha yake hurudi nyuma kidogo. Usiku mmoja wa upepo ni kama miezi mingi ya mbuzi. Tena mashua huenda ikahitaji kufunguliwa usiku wa manane, katika mvua, na mkono wenye baridi, na pengine mfunguaji si wewe bali ni mke wako au mtoto wako, kwa sababu wewe ndiwe uliye taabuni majini.

Basi fundo jema la mashua lina sifa mbili, ambazo huonekana kama zinapingana. Lazima lishike bila kuteleza, hata likilegezwa na kuvutwa mara elfu. Na lazima lifunguke kwa vidole bila kisu, hata baada ya kuvutwa sana. Fundo lenye sifa ya kwanza tu litakuponza siku ya hatari, na lenye sifa ya pili tu litakupotezea mashua usiku.

HABARI YA KAMBA YENYEWE

Kabla ya fundo, tuitazame kamba. Kamba za katani mnazijua, kwa sababu mkonge tunaupanda mipakani mwa mashamba, na mama zetu husokota nyuzi zake juu ya paja kwa kusuka vyondo. Katani ni kavu na ina ukali, kwa hiyo fundo hushika upesi. Lakini katani ikilowa hufura, na fundo huwa gumu kama jiwe; tena ikikaa katika unyevu mwingi huoza kutoka ndani, na kwa nje yaonekana nzima. Ukitaka kuijua hali yake, ifumue kidogo utazame kati ya nyuzi zake. Ukiona weusi, au ukanusa uvundo, usiitegemee.

Kamba ya nailoni ina nguvu nyingi, nayo hunyumbuka, jambo ambalo ni zuri kwa mashua, kwa sababu hupokea mshindo wa wimbi bila kukatika. Lakini ni laini, na fundo lililoshika katika katani huteleza katika nailoni. Hilo ndilo lililonipata mimi. Kwa hiyo katika nailoni uache ncha ndefu zaidi, na mafundo uyaongeze moja. Ziko pia kamba za plastiki, za rangi ya buluu au manjano, ambazo huelea juu ya maji. Hizi ni za bei nafuu, lakini jua huzila. Ukiiona kamba ya namna hiyo inatoa vumbi mkononi na nyuzi zake zimekatika katika, umri wake umekwisha.

Tena kila fundo huipunguza nguvu kamba, mara nyingi kwa theluthi moja au zaidi, kwa sababu mahali inapopinda nyuzi za nje huvutwa kuliko za ndani. Kwa hiyo usinunue kamba inayotosha tu, nunua inayozidi.

FUNDO LA KWANZA: LA KIGINGI

Sasa sikilizeni vizuri, na mwenye kamba aishike. Ule upande wa kamba uendao kwenye mashua nitauita shina, na mwisho ulio huru mkononi mwako nitauita ncha.

Pitisha ncha nyuma ya kigingi, ilete mbele, kisha ipitishe nyuma mara nyingine, ili kamba ikikumbatie kigingi mara mbili. Usifunge bado. Vuta ncha, nawe utaona kwamba mizunguko ile peke yake inaizuia mashua, na mkono wako haupati taabu. Sasa pitisha ncha juu ya shina, izungushe chini yake, na uitoe katika tundu lililofanyika kati ya ncha na kigingi. Vuta. Hilo ni nusu fundo. Fanya nusu fundo la pili karibu na la kwanza, kwa kuzunguka upande ule ule. Vuta tena. Kama kamba ni ya nailoni, ongeza la tatu. Acha ncha ibaki ndefu kupita kiganja chako.

Angalieni: nusu fundo la pili ni lazima lizunguke upande ule ule kama la kwanza. Wengi hukosea hapa, wakaligeuza, na fundo likawa dhaifu. Ukilifanya sawasawa utaona kwamba kwenye shina kamba zimelala sambamba, zimebanwa na mkanda mmoja unaozikata kwa mshazari.

Labda mtauliza kwa nini mizunguko miwili na si mmoja. Sababu ni msuguano kati ya kamba na mti. Leonhard Euler wa Uswisi, mtaalamu mkubwa wa hesabu aliyezaliwa 1707 na kufa 1783, alilichunguza jambo hili, na hesabu yake ni ya kushangaza. Nguvu ya mizunguko haijumlishwi, bali huzidishwa. Ikiwa kamba na mti vinakamatana kwa kiasi cha wastani, mzunguko mmoja kamili huupunguza mvuto hata ikabaki sehemu moja ya sita hivi; na mzunguko wa pili huuacha kama sehemu moja ya arobaini. Maana yake ni kwamba mizunguko ndiyo ibebayo mashua, na fundo lililofuata kazi yake ni kuilinda mizunguko isifumuke. Ndiyo sababu fundo hili hufunguka kwa urahisi hata baada ya usiku wa dhoruba: halikubeba mzigo mzito.

Tena lina faida nyingine. Ukiwa unaizuia mashua inayovutwa na upepo, unaweza kuitia mizunguko kwanza, mashua ikasimama, ndipo ukafunga bila haraka. Hata ng'ombe dume mkaidi huzuiwa hivyo hivyo kwenye mti.

FUNDO LA PILI: KITANZI KISICHOKAZA

Fundo la pili ni kitanzi ambacho hakijikazi wala hakijilegezi. Mabaharia wa dunia nzima wanalitumia, nayo ni mali ya kila mtu.

Shika kamba, na umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye ncha, fanya kijiduara kidogo, ncha ikilala juu ya shina. Kijiduara hicho kiite kisima. Ncha ni chura. Chura anatoka kisimani, kutoka chini kuja juu. Anauzunguka mti ulio karibu, yaani shina, akipita nyuma yake. Kisha anarudi kisimani kwa njia ile ile aliyotokea. Sasa shika ncha pamoja na upande wa kitanzi ulio karibu nayo, na kwa mkono wa pili uvute shina. Fundo limekwisha.

Jaribu kukipanua kitanzi, hakipanuki. Jaribu kukibana, hakibaniki. Na ukitaka kulifungua, pinda ule mkunjo unaozunguka shina, uusukume nyuma kwa kidole gumba, nalo litalegea mara moja. Kitanzi hiki kinafaa kufungia kwenye pete ya chuma iliyo mbele ya mashua, au kwenye nanga ya jiwe. Lakini msilisahau jambo moja: katika kamba ngumu au yenye utelezi, kikiwa hakina mzigo na kikitikiswa sana, kinaweza kulegea. Kwa hiyo acha ncha ndefu, kisha uifunge kwa nusu fundo kwenye kitanzi chenyewe.

Ninyi wa juu mliocheka, fundo hili ni lenu pia. Ndama wangapi wamekufa usiku kwa kunyongwa na kitanzi kinachojikaza shingoni? Mfunge mnyama kwa kitanzi kisichokaza, nacho hakitamnyonga hata akivuta. Na ninyi wafuga nyuki wa Tharaka na Mbeere, mnaopandisha mizinga ya magogo juu ya miti, kitanzi hiki kikivishwa mzinga na kushikizwa vizuri hakiteremki wala hakiukatai mkono wakati wa kufungua.

MAJI HUPANDA NA KUSHUKA

Sasa mmelijua fundo, lakini bado mnaweza kuipoteza mashua. Kwa nini? Kwa sababu ya urefu wa kamba.

Ndugu zetu wa Pwani hulijua jambo hili tangu utoto. Mombasa bahari huweza kupanda na kushuka zaidi ya meta tatu, na hufanya hivyo mara mbili kila siku. Baharia huko hawezi kufunga kamba fupi, kwa maana maji yakikupwa mashua itaning'inia, na maji yakijaa itavutwa pua yake chini mpaka inywe maji. Lakini bahari ina adabu: huja na kwenda kwa saa zinazojulikana.

Bwawa halina saa. Maji yake hupungua polepole, kidole kwa kidole, hata ukasahau kwamba yanapungua. Kisha hupanda ghafula kwa sababu ya mvua iliyonyesha mbali. Mvua ikinyesha usiku juu ya Mlima Kenya, mto Rupingazi unaopita karibu na mji wa Embu huiteremsha katika Thiba, na Thiba ikaiingiza Kamburu, hali wewe umelala na kwako hapakunyesha hata tone moja. Katika ukame wa mwaka 2009 maji ya Masinga yalipungua mno hata mitambo ya umeme ya bwawa hilo ikasimamishwa. Na katika mvua kubwa za mwaka 2024 bwawa lilijaa hata likafurika. Maji ni yale yale, na ukingo ni ule ule, lakini kigingi kilichofaa mwaka mmoja, mwaka mwingine kimo chini ya maji au kiko mbali katika matope makavu.

Basi fanyeni hivi. Kigingi kipigwe juu, mbali na maji, na kiinamishwe nyuma kidogo, kichwa chake kikielekea mbali na mashua. Msifunge kwenye mizizi iliyooza wala kwenye miti iliyokufa kwa kuzamishwa. Miti hiyo yaonekana imara, nayo imekwisha kuliwa. Kamba iwe ndefu, yenye kulegea kiasi cha kuiruhusu mashua ipande na kushuka. Nyuma ya mashua, yaani upande wa tezi, tupeni nanga ili isizungushwe na upepo ikajigonga ukingoni. Kamba ya nanga isipungue mara tatu ya kina cha maji, na upepo ukiwa mkali iwe mara tano au zaidi. Kwa kuwa nanga hushika ikivutwa kwa upande, na hung'oka ikivutwa kwa juu. Mahali kamba inaposuguana na ubao au jiwe, ivisheni kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu. Na kila asubuhi na jioni, mtu mmoja aende kuitazama.

KAMBA NA UHAI WA MTU

Nimesema juu ya mashua na nyavu. Sasa niseme juu ya watu, kwani hilo ndilo lililonileta.

Kwanza, mtu asizungushe kamba mkononi wala asisimame ndani ya kamba iliyokunjwa sakafuni mwa mashua. Mashua ikivutwa ghafula, au ng'ombe akishtuka, kamba ile hujikaza kabla hujasema neno, nayo inaweza kukuondolea vidole, au ikakuburura majini. Shika kamba kwa kiganja, ili uweze kuiachia.

Pili, mashua ikichukuliwa na maji, msiogelee kuifuata. Nawaambia tena, kama nilivyoambiwa mimi: mbao zinapatikana. Tafuteni mashua nyingine, hata kama mtangoja siku nzima. Nami nakiri kwamba nisingalishikwa mkono asubuhi ile, huenda leo nisingekuwa hapa kusema nanyi.

Tatu, mtu akianguka majini, kamba ndiyo mkono mrefu wa walio nchi kavu. Katika kila mashua, na katika kila mahali pa kupakia, pawe na kamba moja isiyotumiwa kwa kazi nyingine, imefungwa kwenye dumu tupu la plastiki lililofunikwa vizuri. Dumu huelea, na laweza kutupwa mbali. Mwambieni aliye majini alikumbatie, kisha mvuteni. Kama ana nguvu bado, mtupieni kitanzi kile kisichokaza, kilichokwisha kufungwa, akivae chini ya makwapa. Hakitambana kifua mkimvuta. Na kitanzi kama hicho hakijifunzwi wakati mtu anazama. Hujifunzwa leo, katika jua, pamoja na kicheko. Tena yeyote anayeingia katika mashua avae boya, hata awe mwogeleaji hodari namna gani.

Nne, wafundisheni akina mama na watoto. Yako mafundo ambayo baba peke yake anayajua, na siku baba hayupo yanakuwa kufuli lisilo na ufunguo. Mimi katika nyumba yangu nimefanya sheria. Kila mtoto akifika umri wa kuchota maji, hupewa kamba fupi na kijiti, na hafai kuitwa mkubwa mpaka ayafunge mafundo haya mawili gizani, macho yakiwa yamefumbwa, na kuyafungua vile vile. Binti yangu mdogo hunishinda mimi.

MWISHO

Watu wa Pwani wana methali isemayo kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini kabisa, mahali maji yanapokusanyika. Mtu atazunguka kotekote, lakini mwisho atarudi pale pale palipo chini, akayaone maji yanayovuja. Mimi pia nimezunguka sana katika maneno yangu, nikafika Mbwaa na Mombasa na Uswisi. Sasa narudi pale nilipoanzia, kwenye kigingi changu kilichobaki peke yake asubuhi ile.

Kigingi kile bado ninacho. Nilikihifadhi, nami nimekuja nacho, ndicho hiki. Yule mzee aliyenishika mkono amekwisha kufariki, lakini alinifundisha mafundo haya kwenye kigingi hiki hiki, jioni kwa jioni, wakati tulipokuwa tukiitia viraka mashua yangu, wala hakunidai hata senti moja. Siku ya mwisho nilimwuliza, "Mzee, nikulipe nini?" Akanijibu, "Umfundishe mwingine, kabla hajavua shati."

Basi nakipiga hapa chini. Kamba hii hapa. Mwenye kutaka kujaribu aje mbele, mmoja mmoja, na tuanze na watoto.